Jioni za Kuosha Mabeseni

Juzi nilikwenda mtaa wa Hewa Bora kuwaona mapasa. Mke wa mjukuu wangu amejifungua wawili kwa pamoja, na mimi mguu unaniuma, lakini mapasa hawangoji mguu wa mtu upone. Nilibeba kuku wawili, mmoja mkono huu na mwingine mkono ule, na kichwani beseni langu la zamani. Nilipofika mlangoni nikapiga hodi kama inavyotakiwa kupigwa kwenye nyumba ya mapasa: “Hodi, hodi! Jambo, jambo! Mapasa, mapasa!”

Mjukuu wangu akatoka. Shati jeupe, Biblia kwapani, macho mekundu ya kukosa usingizi. Akaniambia kwa upole, upole ule wa watu wa kanisa lake unaokufanya utamani kumchapa:

“Nkambo, siye hapa hatusalimie vile. Mara moja inatosha. Ile ya pili ni mambo ya giza.”

Giza! Mtoto niliyemwogesha mwenyewe, nikamsugua masikio mpaka akalia! Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Ila ndani mtoto mmoja akaanza kulia, kilio chembamba kama bawaba inayodai mafuta, na mimi kilio hicho ninakijua. Nilikisikia zamani, mtaa wa Ruashi, kwenye lupango la nkambo wangu, bibi yangu. Basi niache kwanza hapo mlangoni na kuku wangu, ndugu yangu unayesoma. Nitarudi.

Ruashi ya wakati ule haikuwa hii ya malori. Lupango letu lilikuwa na nyumba tatu zinazotazamana, uwanja mmoja katikati, na uzio wa matete. Matete, hayafichi kitu. Jirani akikohoa unajua kama ni kifua au anamwita mke wake. Nyumba kubwa ilikuwa ya Nkambo, mama wa mama yangu, na mimi nilikaa naye. Lupango lote lilikuwa lake, na asubuhi alilizunguka mikono nyuma kama mtu anayekagua jeshi. Jioni mbabula, yale majiko ya makaa, zilitolewa nje, makala yakapepewa, bukari, ugali wetu, ikasongwa, na kinu cha sombe, majani ya muhogo, kikalia mpaka ukakihisi kwenye nyayo.

Nyumba ya pili ilikuwa ya mama mmoja aliyeuza samaki wakavu kutoka Pweto, kule ziwani. Magunia yake yalilala kwenye baraza, na harufu ikalala kwetu sote. Jumapili tulikwenda kanisani tumevaa vizuri, tumepakwa mafuta, tunanuka ziwa. Mama huyo alikuwa na mdomo. Dini yake sikuijua kamwe. Alisali mahali popote palipokuwa na chakula baada ya sala.

Nyumba ya tatu alipanga Mwalimu. Alitoka Kasai, kama wengi waliokuja na shule vichwani. Mtu mwembamba, tai shingoni hata akienda chooni. Herufi hizi unazosoma alinifundisha yeye, kwa kipande cha makala juu ya mfuniko wa sufuria, na kama sikuendelea mbali si kosa lake. Alikuwa mtu wa sala. Lakini kusema alisali ni kupunguza. Mwalimu alihutubia. Kila jioni, jua likiingia, alifunga mlango, akamwambia Mungu mambo ya siku ile kwa sauti ambayo hata watoto wa barabara ya pili waliijua kuwa saa ya kuoga.

Yeye na Nkambo walikuwa wamepatana bila kupatana. Nkambo alipika munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, na Mwalimu alisema munkoyo ni mlango wa pombe. Basi akipita alitazama juu kama mtu anayetafuta mvua, na Nkambo naye akatazama chini. Mke wa Mwalimu alikunywa kikombe chake nyuma ya jiko, akapangusa midomo, akarudi kutwanga sombe na Nkambo. Walipendana hao wawili. Walitwanga pamoja, mchi huu ukipanda ule unashuka, na walicheka vitu ambavyo sisi watoto tulifukuzwa tusivisikie.

Halafu mke wa Mwalimu akazaa mapasa.

Kama hukulelewa huku kwetu, lazima nikueleze. Mapasa hawapokelewi kama watoto wengine. Kila kitu ni mara mbili: salamu mbili, zawadi mbili, ukimgusa huyu unamgusa na yule. Wanapakwa mpemba, udongo mweupe. Na wanaimbiwa. Sasa nyimbo zenyewe si za kubembeleza. Ni matusi. Wanawake wanakusanyika, wanapiga mabeseni kwa vijiko, wanamtukana baba wa mapasa na mama wa mapasa kwa sauti kubwa, mapaja yao, matako yao, na walichokifanya mpaka wakapata wawili wakati wenzao wanapata mmoja. Na wenye kutukanwa wanacheka. Nkambo alisema mapasa wamekuja wawili kwa sababu wanapenda fujo, na wakikuta nyumba imenyamaza wanaona hawakutakiwa, wanarudi walikotoka. Nyimbo hizo alinifundisha yeye kabla sijaota meno ya ukubwa. Sitaziandika hapa. Watoto wangu wanajua kusoma.

Siku ya tatu Nkambo alifunga kitambaa kipya, akachukua mpemba kwenye sahani, akaenda kwenye mlango wa Mwalimu. Mimi nyuma.

“Hodi, hodi! Tata wa mapasa, tata wa mapasa!”

“Karibu, mama,” akasema Mwalimu. “Karibu moja.”

Nkambo akasimama.

“Mama, miye nakuheshimia sawa mama ule alinizala,” Mwalimu akaendelea, na tai yake ilikuwa imenyooka kabisa. “Lakini hii batoto ni ya Mungu. Haiko mizimu. Mpemba, hapana. Nyimbo, hapana. Salamu, ni moja.”

“Mwalimu, banakuya babili. Unasalimia moja, ule mwingine atauliza: mi nilikuya ku nani?”

“Biblia itamujibu.”

“Biblia iko na maziwa?”

“Mama!” Mwalimu akapandisha kidole kama yuko darasani. “Siku nitasikia hata wimbo moja ya ule uchafu, tunahama. Nasema mbele ya Mungu. Tunahama.”

Nkambo alirudi na sahani yake. Hasira yake haikuwa ya kelele. Alikaa siku nyingi bila kumsemesha Mwalimu kwa mdomo wake. Kati yao zilikuwa hatua chache tu, kila mmoja kwenye baraza lake, na mimi nikawa posta.

“Mwambie Mwalimu, mbuzi ya watu inakula shati yake ku kamba.”

Ninakwenda. Ninarudi.

“Mwalimu anasema ameiona.”

“Mwambie, basi aifukuze.”

Mama wa samaki alifurahi sana siku hizo. “Mwalimu anaogopa tutaimba mapaja yake,” alisema, akigeuza samaki juani. “Mapaja yenyewe sawa ya kuku ya njaa! Tutaimba nini pale? Wimbo itaisha mbele ya kuanza.”

Lakini kulikuwa na jambo ambalo halikuchekesha. Kati ya wale mapasa, mdogo, aliyetoka nyuma, hakunenepa. Alishika titi kidogo akaliacha. Alilia kile kilio chembamba, mchana kutwa, na kaka yake akamsaidia kwa sauti nzito. Mwalimu alimwombea mpaka sauti ikakauka. Nkambo, kwenye baraza lake, alikuwa na hakika mtoto analia kwa sababu hajaimbiwa. Na Mwalimu, kwenye lake, alikuwa na hakika kwamba wakimwimbia uchafu ule ndipo watampoteza. Nikiwatazama leo kutoka mbali ninaona wote wawili walikuwa wameshika mtoto mmoja, huyu mkono, huyu mguu, kila mmoja akiogopa mwenzake atamwangusha.

Mchana mmoja mke wa Mwalimu alikuja kwenye mbabula yetu, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kifuani. Alikuwa amekonda.

“Mama,” akamwambia Nkambo, “miye naogopa bintu bibili. Mukiimba, bwana yangu atanitosha hapa, tutahama, na kule tutaenda, nani atanisaidia na hii babili? Hamuimbi, huyu mudogo ataenda. Niogope kipi?”

Nkambo alikoroga sombe muda mrefu. Mafuta ya mawese yalikuwa yanapanda juu.

“Bwana yako anasali saa gani?” akauliza, kama mtu asiyejua, wakati mtaa mzima ulijua.

Jioni ile tulikusanyika nyuma ya jiko. Nkambo, mama wa samaki, wanawake wawili wa jirani walioingia kwenye tundu la uzio, na mimi na kijiko changu. Mpango wa Nkambo ulikuwa mwepesi: Mwalimu amesema akisikia wimbo anahama, basi wataimba wakati yeye mwenyewe anapiga kelele, na hatasikia. Mwalimu akafunga mlango. Akaanza: “Ee Bwana!” Nkambo akainua kijiko.

Tulianza chini, kwenye koo. Mwalimu akapandisha sauti. Sisi tukapandisha, kwa sababu beseni likishashika mwendo halijui heshima. Mwalimu akamwita Mungu amfungue mtoto wake. Sisi tukamwambia Mungu yuleyule habari za matako ya Mwalimu. Watu wa barabarani wakasimama kwenye matete. Na kilichoharibu kabisa ni kwamba “amina” za Mwalimu zikaanza kuanguka palepale mahali pa kuitikia. Mama wa samaki hakuweza kujizuia. Kila Mwalimu akisema amina, yeye anajibu “Amina!” kwa moyo wote, halafu anaendelea na mapaja.

Kisha Nkambo akashusha kijiko, tukanyamaza, na Mwalimu naye akanyamaza. Hapo ndipo tuliposikia kwamba hakuna mtoto anayelia.

Mlango ukafunguka. Mwalimu akaja nyuma ya jiko.

“Mama, hii ni nini?”

“Tunaosha mabeseni, Mwalimu.”

Alichungulia. Mabeseni yale hayakuwa na maji hata ya kumlowesha mende.

“Mabeseni inaimbaka?”

“Ikiwa chafu sana,” akasema Nkambo.

Mama wa samaki alilazimika kwenda kujifunika uso na gunia. Lakini Mwalimu hakucheka. Alikuwa ametoa neno lake mbele ya Mungu, na Mwalimu hakuwa mtu wa kurudisha neno. Kesho yake, mchana, pusupusu ikasimama mlangoni pa lupango, kile kigari cha kusukuma, na godoro la Mwalimu likawa la kwanza kupanda.

Sikuwahi kumwona Nkambo akilia maishani mwangu. Siku ile alimgombeza msukuma pusupusu. Alimwambia kamba amefunga kama mlevi, godoro litaanguka, sufuria zimewekwa chini ya meza kama vile sufuria ni viatu. Akafungua kamba mwenyewe, akafunga upya. Akafunga na chakula cha njiani, bukari na samaki, bonge la kuwatosha watu wa kwenda Kasai kwa miguu, na Mwalimu alikuwa anahamia barabara ya nne tu. Mke wa Mwalimu alikaa kwenye mkeka na watoto wake.

Jua likaanza kuingia. Mwalimu hakuwahi kuanza safari bila sala, hata ya barabara ya nne. Akaingia kwenye nyumba tupu na mke na watoto, akafunga mlango. Mama wa samaki akachukua beseni. Nkambo akalikamata.

“Leo hapana.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo. Batoto ni yake. Anataka kubaombea na wimbo yake, ni yake. Miye siko polisi ya Mungu. Na ule atacheka, ataniona.”

Tukakaa kimya, wote, kama tuko kwenye kilio. Ndani Mwalimu akaanza: “Ee Bwana!” Na mtoto mdogo akaanza. Na mkubwa akamfuata. Mwalimu akapandisha, wakapandisha. Sauti yake, kwenye nyumba ile isiyo na vitu, iligonga ukuta ikamrudia. Tulimsikia mama yao akijaribu titi, akibembeleza, tulimsikia Mwalimu akimaliza sala, akianza tena mwanzo. Kilio chembamba kikawa chembamba zaidi. Nkambo alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili, anatazama mbabula.

Mlango ukafunguka. Mwalimu akatoka, tai imekwenda upande, mara ya kwanza nilipoiona hivyo. Akavuka uwanja mpaka mbele ya Nkambo.

“Mama.”

“Mwalimu.”

“Leo…” Akakohoa. Akanyoosha tai. “Leo mabeseni, hamuoshe?”

Nkambo akapepea mbabula.

“Iko safi,” akasema Nkambo.

Ndani mtoto alilia. Mwalimu akatazama mabeseni, akainama kidogo, kama anasahihisha daftari.

“Miye naona ile moja, ile ya mwisho. Haikutakata muzuri.”

Nkambo akaliinua lile beseni, akaligeuza huku na huku, akalichunguza kama daktari.

“Ni kweli,” akasema. “Iko doa.”

Mwalimu akarudi ndani, akafunga mlango, akaanza sala yake mwanzoni kabisa. Na sisi tukaosha. Ee, tuliosha siku ile! Na katikati, mke wa Mwalimu akapiga kelele kutoka ndani, si ya uchungu, kwamba mudogo amekamata titi, amekamata muzuri, na hakuna aliyesimama, si sala, si beseni, tukiogopa tukisimama ataliachia. Msukuma pusupusu akauliza kama safari bado iko. Nkambo akamtupia lile bonge la bukari na samaki, akamwambia arudishe godoro.

Mtoto yule alinenepa. Mpaka kufa kwake Nkambo alisema ni nyimbo. Mwalimu alisema ni sala. Mama wa samaki alisema ni mchuzi wa samaki wake, aliompa mama yao bure, na watu hawana shukrani. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyejaribu kumgeuza mwenzake. Mwalimu hakuimba hata siku moja, na Nkambo hakukanyaga kanisa la Mwalimu. Ila jioni Mwalimu alikohoa kwanza kabla ya “Ee Bwana”, ili tujipange. Wenzake wa sala wakija wakauliza ni kelele gani zile, aliwaambia bila kupepesa macho: “Ni majirani. Banaosha bintu.” Na siku mama wa samaki alipoigiza sala ya Mwalimu ili tucheke, Nkambo alimgeukia: “Mulomo yako iko ya samaki. Ya Mwalimu, uachie Mwalimu.”

Nkambo alikwenda kabla ya miaka ile mibaya, watu walipoanza kuulizana nani alitoka wapi. Heri hakuiona. Mimi niliiona. Mwalimu alikuwa mzee, mapasa wake wanaume wazima wenye watoto, na wote wakaambiwa warudi Kasai, mji huu si wao. Nilimsindikiza kwenye treni. Mizigo ilikuwa mingi na nafasi hakuna, na katikati ya kelele ile akanipa beseni lake la bati lililopakwa rangi nyeupe, lenye ukingo wa bluu. Akasema, “Chukua, mwanangu. Hii haikutakata muzuri.” Tai ilikuwa imenyooka. Hakurudi.

Majuzi nilipita Ruashi. Pale palipokuwa na lupango letu pana ukuta wa matofali, mrefu, una vipande vya chupa juu. Kila nyumba na ukuta wake, kila nyumba na dini yake ndani, na spika. Mtu hajui jirani anaimba nini, anajua tu kwamba anaimba vibaya. Zamani tulisikiana mpaka tumbo likinguruma, na ukishamsikia mtu hivyo, huwezi kumfanya mbaya kwa siku nzima. Utachoka.

Sasa nirudi pale mlangoni, mikono imechoka na kuku.

Nilimtazama mjukuu wangu na shati lake jeupe. Nikameza jibu langu, na halikuwa dogo. “Jambo,” nikasema. Mara moja. Akatabasamu, akapokea kuku. Alipokea wote wawili. Hilo kanisa lake halikulikataza.

Niliwaona watoto. Wazuri, wekundu bado, na mmoja ana kile kilio. Jua lilipoingia mjukuu wangu akasema ni saa ya sala, na mimi nikasema mimi niko uwanjani, nina kazi. Nikakaa kwenye kigoda karibu na dirisha, nikaweka beseni la Mwalimu magotini. Ndani akaanza. Ana sauti, kijana yule, Mwalimu angempa maksi nzuri. Nikachukua kijiko. Mama wa samaki hayupo wa kuitikia, tundu la uzio halipo la kupitia majirani, basi nikaosha peke yangu, chini chini, kwenye koo.

Alipomaliza alitoka, akasimama mbele yangu.

“Nkambo, unafanya nini?”

“Naosha beseni.”

Alichungulia. Kavu. Akafungua mdomo, kisha akageuza kichwa kuelekea ndani, akasikiliza. Kile kilio kilikuwa kimenyamaza. Akafunga mdomo.

Alinisindikiza mpaka kwenye geti. “Enda muzuri, Nkambo,” akasema. Nikaitika, nikaweka beseni kichwani, nikaanza kuvuta mguu wangu. Nilikuwa nimefika kwenye kona nilipomsikia tena, kwa nguvu:

“Enda muzuri!”

Labda alidhani sikusikia ile ya kwanza. Masikio yangu yamezeeka, analijua hilo. Sikugeuka kumuuliza.